"Hakuna" moja, maana tano: ushauri kwa wanaotaka kuunganisha maktaba zetu

Mtu wa kwanza kuomba makala kwa mfumo tulioutengeneza wa maktaba za Unguja na Pemba kuazimishana vitabu na kupelekeana nakala alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, Chake Chake, Pemba. Alitaka makala ya kichocho, kurasa kumi na moja tu, iliyomo ndani ya juzuu la jarida la zamani. Juzuu lenyewe lilikuwa Unguja. Nalijua, maana miaka miwili nyuma nililipangusa vumbi kwa mkono wangu. Ombi likaenda Jumatatu asubuhi. Jumatano likarudi na jibu la neno moja: "Hakuna."

Nikampigia simu mkutubi wa Unguja.

"Shekhe, hakuna kwa maana gani?"

"Hakuna kwa maana sijapata nafasi ya kupanda juu kuangalia."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi niliyokuwa nimeifanya kwa mwaka mzima. Tulikuwa na seva, tulikuwa na skrini nzuri yenye rangi za bendera, tulikuwa na vitufe viwili vya kujibia: "Kipo" na "Hakuna". Nikakaa na maombi yote ya mwezi ule yaliyojibiwa hakuna, nikawapigia simu wenzangu mmoja mmoja. Kumbe neno lile lilikuwa limebeba mambo matano. Hatuna kabisa wala hatujapata kuwa nacho. Tunacho ila yuko mtu kakiazima. Tunacho lakini hakitoki nje ya jengo. Katalogi, yaani orodha ya vitabu vyetu, inasema tunacho, rafuni hakionekani. Na la tano ni lile la shekhe wangu.

Kwa msomaji aliyeko Chake tofauti yake ni kubwa. La kwanza linamwambia atafute kwengine, la pili asubiri wiki mbili, la tatu aombe nakala badala ya kitabu. La nne linamhusu mkutubi, afanye hesabu ya rafu zake. La tano linataka simu.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi kujenga mfumo wa taifa wa kuazimishana vitabu na kupelekeana nakala, sitakwambia uanze na seva. Anza na majibu. Kaa na makarani wa kaunta, waulize huwa wanajibu nini mtu akitaka kitabu ambacho hawawezi kumpa, uyaandike majibu yote kama wanavyoyasema. Kisha usome kiwango cha kimataifa cha maktaba kuazimishana, ISO 18626, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2014. Mimi nilikisoma baada ya kutengeneza vitufe vyangu viwili, nikajionea haya. Wenzetu walishakaa wakatenganisha "haikupatikana" na sababu yake, na mazungumzo yote ya maktaba mbili wakayaweka katika aina tatu za ujumbe: ombi, ujumbe wa anayetoa, ujumbe wa anayeomba. Basi. Kiwango kilichokitangulia, ISO 10160 na 10161, kilikuwa kizito na wengi kiliwashinda. Hiki kipya kijana yeyote anayejua kutengeneza tovuti anaweza kukifuata.

Jambo la pili ni saa. Ombi lisilo na muda hulala. Mtandao wa maktaba wa OCLC wa Marekani, ulioanzia vyuo vya Ohio mwaka 1967, ulipoongeza huduma ya kuazimishana mwaka 1979 haukumwachia mkutubi kazi ya kukumbusha. Muombaji anapanga maktaba kwa foleni, na ya kwanza ikinyamaza kupita muda wake, ombi linahamia ya pili lenyewe. Sisi tuliweka siku mbili za kazi. Mwezi wa Ramadhani tukaziongeza zikawa tatu, kwa sababu saa za ofisi zinafupishwa na nisingependa mtu aone mfumo unamsuta wakati amefunga. Kuna mwenzetu alinuna, akasema mashine inamfanya aonekane mvivu. Nikamwonesha kwamba mashine haisemi lolote juu yake, inaondoka tu. Nadhani hilo lilimuudhi zaidi.

Sasa katalogi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko tulikopoteza muda mwingi.

Ziko njia mbili za kumwezesha mtu wa Wete, Pemba, kujua kilichomo katika maktaba za Maisara au Tunguu, Unguja. Ya kwanza, unaacha kila maktaba na katalogi yake, na kompyuta inakwenda kuuliza kote kwa wakati mmoja. Itifaki ya Z39.50, yaani kanuni za kompyuta kuulizana, ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Ya pili, unakusanya rekodi zote, yaani taarifa za kila kitabu, mahali pamoja, zikiwa katika muundo wa MARC 21 wanaoutumia wakutubi, na kila usiku unachukua yaliyobadilika. Kwenye karatasi njia ya kwanza inapendeza. Kwetu, ambako umeme ukikatika upande mmoja maktaba ile inatoweka hewani, njia hiyo inazaa "hakuna" ya sita: hakuna kwa sababu kompyuta yao imezimwa. Chukueni njia ya pili. Programu ya kuwekea rekodi isikusumbueni sana: Koha ni ya bure, ilianza kutumika New Zealand mwaka 2000, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Ila ni zawadi ya mbuzi, inataka mtu wa kuikatia majani kila siku. Mlipeni mtu huyo.

Mkishakusanya rekodi, mtakuta kitabu kimoja kimekuwa vitatu. Sababu ya kwanza ni ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu. Hadi mwisho wa 2006 ilikuwa na tarakimu kumi, kuanzia 2007 ikawa kumi na tatu. Kijana wetu wa kompyuta akadhani dawa ni kubandika 978 mbele ya zile za zamani. Siyo. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, inapigiwa hesabu upya, na katika zile za zamani inaweza hata kuwa herufi X. Alizibadili zote usiku mmoja, asubuhi mfumo ukazikataa karibu zote. Na vitabu vyetu vingi vya zamani havina ISBN kabisa, hivyo msiitegemee peke yake. Linganisheni pia jina la kitabu, mwaka na mchapishaji.

Sababu ya pili ni majina yetu. Mohammed, Muhammad, Mohamed, Muhammed: mtu mmoja, maktaba nne. Abdalla na Abdulla vivyo hivyo. Kisha mkutubi aliyesomea kwa vitabu vya Ulaya anamuorodhesha mtu kwa jina la mwisho, ambalo kwetu mara nyingi ni la babu yake, na mwenziwe anamuorodhesha kwa jina analoitwa mtaani. Tulifanya jedwali la majina: jina moja limechaguliwa kuwa kuu, na mengine yote yanamuelekeza msomaji hapo. Kazi hii haifanywi na programu. Tulimpata mama mmoja mstaafu, alikuwa mwalimu wa skuli, akakaa na daftari wiki saba akiuliza, "Huyu ndiye yule wa mashairi au ni mwingine?" Mara nyengine alikuwa akimjua mtu mwenyewe, na baba yake, na nyumba waliyokaa. Bila yeye tungeunganisha waandishi wawili tofauti tukawafanya mmoja, na kosa hilo ni gumu kulifumbua kuliko la kuwaacha wawili.

Usafiri nitausema upesi. Kitabu kinakwenda na boti hadi bandari ya Mkoani na gari hadi Chake. Kifungeni nailoni mbili, na karatasi ya ndani iwe na jina la maktaba, si la mtu, kwa sababu watu huhamishwa. Mzigo ukipokelewa, mpokeaji abonyeze "kimefika" palepale bandarini kwa simu yake. Tulipoteza kitabu kimoja tu, na kilikaa miezi minne katika droo ya ofisi isiyohusika.

Kuna visivyosafiri. Hati za zamani za maandishi ya Kiarabu, kama zile za Nyaraka za Taifa pale Kilimani, haziwekwi kwenye boti kwa hali yoyote. Rekodi ya kitu kama hicho iseme mapema kwamba mtu atazamie kusomea hapohapo, au aulize kama picha inawezekana, ili asipoteze siku zake akingoja.

Kwa nakala, msijifanye hamjui sheria. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Sisi tulijiwekea mpaka wa makala moja kwa msomaji mmoja, kwa masomo yake, na anatia saini. Kitabu kizima hatukipigi picha, hata akija mkubwa gani. Alikuja mmoja, akaondoka amekasirika.

Yule mwanafunzi wa kichocho? Shekhe alipanda juu siku hiyohiyo, akalishusha juzuu, akalilaza juu ya skana. Juzuu nene lililoshonwa halilali bapa; pale katikati panabaki kivuli cheusi, na maneno ya ukingoni yanamezwa. Alhamisi msomaji akapata faili. Ijumaa kabla ya sala akaniandikia: ahsante sana, ila ukurasa wa saba jedwali limekatika, safu ya mwisho haisomeki, na safu hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Mfumo wetu ulikuwa umeshaandika ombi "limekamilika", na hakukuwa na mahali pa kubonyeza kulifungua tena. Jumamosi nikakaa na kijana wetu tukatia kitufe kipya kwa upande wa muombaji: "Kimefika, hakijatimia". Jumatatu shekhe akaupiga ukurasa wa saba upya, safari hii akiwa amelishikilia juzuu kwa viganja viwili, na vidole vyake vikaonekana kwenye picha.