Kobe anayesema Kiarabu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: "Roboti ya kufagia na kudeki nyumbani: msaada au uvivu?" Nililisoma ndani ya daladala, nikalirudia nyumbani, na usiku nikaona sitalala bila kulijibu. Roboti haikunichoma. Kilichonichoma ni hilo neno la mwisho. Mashine ya kufulia ilipoingia mtaani kwetu sikusikia mtu akiuliza kama ni uvivu. Rimoti ya televisheni, ambayo kazi yake yote ni kumwokolea mtu hatua nne, haijawahi kuitwa barazani kujieleza. Ila sakafu, kwa kuwa wote tunajua nani huwa ameinama pale, sakafu ndiyo inayohojiwa.

Kwa hiyo mniwie radhi, nitajibu swali langu badala ya lenu: mvivu anayesemwa hapo ni nani?

Ya kwetu aliileta mdogo wangu anayefanya kazi Maskati. Ni duara jeusi, upana wake kama sinia la watu wawili, na mgongoni ina kijungu kinachozunguka. Hicho ndicho jicho lake, hupiga leza kwenye kuta na kuichora nyumba nzima. Plagi yake ni ya miguu mitatu kama zetu, kwa hiyo tulichomeka tu ikaanza kazi. Wanaoogopa LUKU nawatoa wasiwasi: betri ya aina hii ikijaa kutoka sifuri hula yapata sehemu ya kumi ya uniti, kama shilingi 35 hivi kwa bei ninayolipa mimi. Pasi inakula zaidi kabla hujamaliza shati la pili.

Sasa niwasimulie habari ya mama.

Mama alikuja kutoka Pangani kwa ajili ya kliniki ya macho. Alifika jioni, tukala, tukazungumza hadi usiku, na katika mazungumzo yote yale hakuna aliyekumbuka kumwambia kuhusu roboti. Nilikuwa nimeipanga iamke saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili tukiamka tukute sebule safi. Mama akaamka kabla yetu, akatandika mswala wake sebuleni, na taa hakuwasha asije akatuamsha. Akawa katika rakaa ya pili ya faradhi. Nyuma yake kitu kikatoa mlio, halafu kikasema kwa Kiarabu kwamba kinaanza kusafisha. Mdogo wangu ndiye aliyekiwekea lugha huko huko Maskati na sisi hatukuigusa.

Hapa lazima mumjue mama yangu. Akishahirimia sala, paa liwake moto, atamaliza atahiyatu kwanza. Alisikia Kiarabu gizani, alfajiri, mgongoni kwake. Alituambia baadaye kwamba alidhani saa yake imefika, akashukuru imemkuta juu ya mswala. Akasujudu. Roboti ikaja ikamgonga nyayo, taratibu kama kawaida yake, ikarudi nyuma, ikageuka, ikamgonga ubavuni. Mama hakutikisika. Ikaanza kumzunguka ikifuata ukingo wa mswala, kwa sababu hupenda kufuata kingo, hadi ilipofika kwenye pindo lenye nyuzi. Hapo ikaanza kula. Brashi ikavuta nyuzi, kona ya mswala ikajikunja kuelekea miguuni kwake, kisha ikakwama na kuanza kulalamika. Kwa Kiarabu.

Malalamiko yale ndiyo yaliyoniamsha. Nilitoka na kanga yangu ya kulalia nikamkuta mama ameketi, kidole cha shahada kimenyooka, na lile duara limeng'ang'ania mswala huku taa yake nyekundu ikiwakawaka. Sikujua nicheke au nikimbie, na mbele ya anayesali mtu hapiti. Nikasimama mlangoni. Akatoa salamu kulia. Akatoa kushoto, na huko kushoto macho yakatua juu yake.

"Nyie mwafuga kobe ndani?"

"Shikamoo mama." Sikuwa na neno jingine.

"Marahaba. Mwambie aniachie mswala wangu."

Tulikata nyuzi kwa mkasi. Tangu siku ile jina lake ni Kobe, na mtanisamehe nikimwita hivyo hadi mwisho.

Asubuhi ile mama hakuenda popote. Kliniki ilikuwa kesho yake. Alivuta kiti, akapandisha miguu, akamtazama Kobe akifanya kazi kama mtu anayekagua fundi wa kupaua. "Hapo pembeni kaacha." Kweli kaacha; ni duara, kona haiingii, na kile kibrashi cha pembeni hufika kinapofika. "Mbona pale hapiti?" Pale, kati ya sebule na meza ya kulia, fundi wetu aliweka mstari wa marumaru meusi kwa urembo. Tumboni Kobe ana vijicho vinavyomulika chini mwanga usioonekana na kusubiri urudi, asije akadondoka kwenye ngazi. Nyeusi huumeza mwanga ule. Kobe akifika pale anaona shimo, anageuka. Nilimweleza mama, akakaa kimya kidogo, akasema, "Masikini, kumbe mwoga." (Baadaye baba watoto aliviziba vijicho vile kwa plasta, kwa kuwa nyumba yetu haina ngazi. Mwenye ngazi asithubutu.)

Kisha akaniambia nimfungulie kisanduku cha taka. Akatandaza gazeti, akamwaga. Mchanga, nywele, punje za mchele, shanga moja ya binti yangu, na vumbi laini kama unga wa muhogo, la kujaza viganja viwili.

"Jana hukufagia?"

Nilikuwa nimefagia. Jana yake saa tisa alasiri, kwa mkono wangu, kwa sababu mama anakuja, na baada ya hapo nikadeki kwa ndoo mbili. Nikamwambia hivyo. Mama akalichezea vumbi lile kwa kidole, akaniangalia, na badala ya kunisema akaanza kuhesabu kwa sauti ni miaka mingapi ameingia chini ya kitanda cha marehemu baba na ufagio wa mkono. Alianza akiwa mwari. Alipofika arobaini na kitu akaacha. Mama kiuno chake hakinyooki, mnapaswa kujua hilo. Akisimama ni kama bado anatafuta kitu chini.

Ndiyo maana nilianza kuandika barua hii nikiwa na hasira na nikitaka kumtetea Kobe hadi mwisho. Nimefika hapa naona nisipokuwa mkweli nitawadanganya wasomaji.

Ukweli ni kwamba kabla Kobe hajafagia, kuna mtu ameshapita kuokota kandambili, waya za chaji, soksi na daftari za shule. Kitambaa chake cha kudekia kinafuliwa kwa mkono kila siku, la sivyo nyumba inanuka tambara bichi. Tangi lake la maji halitaki jiki wala sabuni ya povu, na maji yetu ya kisima yana chumvi iliyoziba vitundu vyake baada ya miezi mitatu tu. Sasa tunamnunulia maji ya chupa, jambo ambalo mama hajaambiwa na hataambiwa. Uji uliokauka anaupitia juu kama anaubariki. Chooni haingii kwa sababu ya kizingiti. Brashi zikijaa nywele, kuna mtu anakaa chini na wembe.

Na mtu huyo ni mwanangu wa kiume, ana miaka 15. Ufagio hajawahi kuushika. Ni kosa langu, sikumfundisha. Lakini Kobe ana skrubu na ramani kwenye simu, kwa hiyo si kazi ya nyumbani, ni ufundi. Baba yake naye ukimkuta barazani na wenzake husema, "Mie nadeki nyumba nzima nikiwa hapa," na wanacheka, na wanamwona wa kisasa. Mwanzoni nilifurahi: hatimaye wameona vumbi. Lakini dada yake mwenye miaka 13 bado anasugua choo, ambako Kobe hafiki, na sijasikia mtu barazani akimtaja. Mimi nikiinama naambiwa ndiyo usafi wa mwanamke, nikimwachia Kobe mmeniuliza kama ni uvivu, na wao wakibonyeza simu wanasifiwa. Hata sijui tena nimkasirikie nani, ila Kobe simkasirikii.

Mkitaka jibu kwa ajili ya kuchapisha: msinunue. Msinunue kama nyumba ina vizingiti, mazulia ya nyuzi au marumaru meusi, au kama maji yenu ni ya chumvi. Msinunue pia bila kuuliza kwanza brashi na vichujio vyake vinapatikana Kariakoo, maana hata kampuni ya Marekani iliyoanza kuuza roboti za Roomba mwaka 2002 iliomba mahakama iilinde kwa kufilisika Desemba 2025, seuze hizi zisizo na jina. Pesa hiyo kwa nyumba nyingi ina kazi nyingine.

Wa kwangu lakini simuuzi. Kibrashi chake cha pembeni kimebaki na mguu mmoja kati ya mitatu, nimemwagiza mdogo wangu vingine. Mama akipiga simu huuliza watoto, kisha mgongo wangu, kisha Kobe. Nilimwambia nitamtafutia na yeye wake. Akauliza kama anaweza kufagia uwanja, chini ya mwembe, kwenye mchanga. Nikasema hapana. Akasema basi, na akaniagiza nikienda nimpelekee fagio za chelewa, za zamani zimekatika.