Tuzo ya Bear Bryant inafaa kwa insha ya mwanao

Dada, umeuliza mwanao aliyeko Houston aandikie insha tuzo ipi ya makocha wa futiboli ya Kimarekani vyuoni. Mwambie achukue ya Paul "Bear" Bryant, kocha wa Chuo Kikuu cha Alabama aliyezoea kuegemea nguzo ya goli, kofia kichwani, akiwatazama vijana wakipasha misuli. Alishinda mechi 323. Ya mwisho ilikuwa 29 Desemba 1982. Mwezi haukutimia, mshtuko wa moyo ukamwondoa. Ndiyo maana tuzo hii hutolewa na Shirika la Moyo la Marekani, na fedha zake huenda kupambana na maradhi hayo. Inanigusa sana. Asiichanganye tu na ya Eddie Robinson, kocha wa chuo cha Grambling State, inayotolewa na waandishi wa michezo.