Mzigo umefika, ndani ni vipande

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mizigo iliyoharibikia njiani. Wauzaji na wanunuzi wote wanalia.

Kaka, nauza vyombo Kariakoo. Nilimtumia mteja wa Mbeya dazeni ya sahani kwa basi, tatu zikafika zimevunjika. Watu wa basi wanasema mzigo wa kuvunjika hawaubebi kwa dhamana yao. Nani alipe?

Lipa wewe, halafu hangaika na basi mwenyewe. Mteja hakuchagua basi wala hakufunga boksi. Najua utaniambia kwamba kisheria mzigo ukishakabidhiwa kwa msafirishaji unahesabika umemfikia mnunuzi. Ni kweli, sheria ya mauzo ya bidhaa, Tanzania na hata Kenya, kwa kawaida inaanzia hapo. Ila sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji aupangie mzigo usafiri unaofaa kulingana na aina yake. Asipofanya hivyo na mzigo ukaharibika, mnunuzi anaweza kukataa kwamba ameshapokea. Sahani kwenye buti la basi, bila dhamana yoyote? Sioni utajitetea vipi.

Mwandikie leo, kwa kifupi: "Pole sana dada. Sahani tatu nazipakia kesho jioni, nauli juu yangu. Zilizovunjika zitupe tu, usije ukajikata." Usimwambie arudishe vigae Dar. Kinachoudhi watu ni pole isiyo na siku. "Tunalifanyia kazi" kila mteja anajua maana yake.

Na safari hii zisimamishe kwa ubavu, usizilaze. Kila sahani na gazeti lake, sponji chini, juu na pembeni. Ukishafunga, tikisa boksi. Likilia, fungua uanze upya.

Nimepokea TV hapa Nakuru. Katoni nzima kabisa, kioo kimepasuka. Muuzaji wa Nairobi anasema nimeivunja mimi.

Katoni nzima haithibitishi chochote. TV bapa ikilazwa na kurundikiwa mizigo juu, kioo kinaweza kupasuka bila katoni kuchanika hata kidogo, ndiyo maana inasafirishwa ikiwa imesimama. Piga picha katoni pande zote, lebo, sponji za ndani na ufa wenyewe, kisha umtumie kwa maandishi siku hiyohiyo. Maneno ya simu hayana shahidi. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na unaweza kwenda bila wakili.

Muuzaji naye, kama anasoma hapa: kumwita mteja mwongo kabla hujaomba hata picha moja ni kumfukuza yeye na ukoo wake.

Nitamjuaje mteja tapeli?

Rekodi video fupi ukifunga mzigo, namba ya bidhaa ionekane. Basi. Matapeli wapo, lakini ukiwawekea masharti wao, wanaoumia ni waaminifu.

Mashine yangu ya saluni imetoka Dubai kwa ndege, imefika Dar imebonyea. Wakala ananizungusha wiki ya pili sasa.

Acha kuzungushwa, andika leo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaosimamia shehena za ndege za kimataifa, unataka malalamiko ya uharibifu yaandikwe mara unapouona, na yasipite siku 14 tangu mzigo upokelewe. Zikipita, madai yako kwa shirika la ndege kwa kawaida yamekwisha. Ambatanisha picha na nakala ya hati ya shehena, na nakala nyingine mpe wakala asaini kwamba ameipokea. Huenda ndicho anachokisubiri, muda upite.

Mteja amenianika Instagram kabla sijamjibu. Nifute maoni yake?

Usifute, watu wameshapiga picha za skrini. Jibu palepale mara moja: umepokea lalamiko, bidhaa nyingine inaondoka siku fulani. Mengine mmalizie kwa simu. Ukishatuma, mpe namba ya stakabadhi ya mzigo bila kumwomba afute alichoandika. Akitaka, atafuta mwenyewe.