Kumbukumbu za maisha na riwaya za kwetu: mimi huvisoma viwili viwili

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwenzetu ameuliza swali zuri. Anasema riwaya amezizoea tangu skuli, lakini kila akishika kitabu cha kumbukumbu za maisha anaona mtu mkubwa anajisifu tu, basi anakifunga. Anataka kujua kama vipo vya Unguja na Pemba vinavyostahili muda wake, au abaki na riwaya zake. Nitamjibu kwa urefu, maana siku hizi ndivyo ninavyovisoma, na kuna jambo limenikaa rohoni.

Ndugu yangu, usiache hata kimoja, ila usikisome kimoja peke yake. Kila kitabu cha kumbukumbu kitafutie riwaya ya kwenda nayo. Zamani zetu walioandika maisha yao walikuwa wachache, na karibu wote wametoka nyumba kubwa. Mpagazi hakuandika. Kijakazi hakuandika. Mtoto aliyechukuliwa kwa deni la baba yake hakuandika. Hao wameingia vitabuni baadaye sana, kwa mkono wa watunzi wa riwaya.

Nianze na "Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip". Mzee huyu, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili akiwa amekwisharudi Unguja. Alifariki hapa mjini mwaka 1905, na nyumba yake ipo Shangani mpaka leo. Simulizi lake lina mwendo wa ajabu. Hapotezi neno kueleza mandhari wala moyo wake. Ni safari, frasila za pembe, bei, deni, vita, kisha safari tena. Fedha na mali alikuwa akikopeshwa na tajiri wa Kihindi Tharia Topan, yule yule ambaye jina lake linahusishwa na lile jengo la roshani za mbao pale Mizingani ambalo wengi tunalipita bila kuliangalia. Pahala pamoja pamenistaajabisha: alipofika Utetera, huko Kongo, aliwaambia wenyeji kwamba bibi yake alikuwa wa ukoo wa mfalme wao, aliyetekwa zamani, na kwa hadithi hiyo akapewa utawala. Anaieleza habari hii waziwazi, hana la kuficha wala la kujutia. Nilikifunga kitabu nikakaa kimya kitambo. Wapagazi wamejaa humo, lakini wanakuja kwa hesabu. Wangapi wamebeba, wangapi wamekufa, wangapi wametoroka. Hakuna hata mmoja ninayeikumbuka sura yake.

Sasa baada ya hapo chukua "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, na mwaka 2022 tukaipata kwa Kiswahili kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mtunzi kupewa Nobeli. Njia ni zile zile za misafara kutoka pwani kwenda bara, mizigo ni ile ile, wanyapara ni wale wale. Lakini safari hii unatembea na Yusuf, mtoto wa miaka kumi na mbili ambaye baba yake ameshindwa kulipa deni, basi anatolewa yeye kwa tajiri anayemwita Ami Aziz. Hajui kwamba ametolewa. Anapanda garimoshi akidhani anakwenda kutembea. Khalil, kijana wa dukani aliyetangulia kuwekwa rehani kama yeye, ndiye anayemfumbua macho kwamba yule si ami yake na inampasa amwite Seyyid, yaani bwana.

Kwetu Pemba, mzee gani hana hadithi ya shamba la mikarafuu lililowekwa rehani na halikukombolewa? Tumezikulia habari hizo. Lakini shamba halilii usiku. Nilipokuwa nikimsomea mama yangu sura za mwanzo, alinikatisha akauliza, "Na mama wa mtoto? Hakusema kitu?" Mtunzi anatuonyesha mama yake Yusuf kidogo tu, kisha garimoshi linaondoka. Mama hakuridhika kabisa. Kila nilipofungua kitabu alikuwa akiuliza kama mtoto amepata habari za nyumbani. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililonipitia mie niliyejiona msomaji: nilikuwa nafuata msafara, na mama alikuwa bado yupo nyumbani kwa wale wazazi.

Kuna mtu mmoja katika riwaya hiyo ambaye siwezi kumaliza kumfikiria: Mzee Hamdani, mtunza bustani. Alikuwa mtumwa, akatolewa yeye kuwa zawadi ya harusi kwa bibi wa nyumba. Baadaye bibi huyo alitaka kumpa uhuru, na mzee akakataa. Hoja yake ni kwamba uhuru wake haukuwa mali ya bibi hata aweze kumpa; wanaweza kumfunga, kumtuma, kumtukana, lakini kile alichozaliwa nacho hawana. Nimesikia wasomaji wakisema mzee yule amekata tamaa, kwamba maneno hayo ni ya mtu aliyezoea minyororo. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyekata tamaa hajali nani anampa nini. Hamdani anajali mno, ndiyo maana hataki kushukuru. Lakini nakiri Yusuf mwenyewe anabaki na swali hilo kichwani, na mwisho wa riwaya, anapokimbilia safu ya askari wa Wajerumani, unaona kwamba jawabu la mzee halikumtosha kijana. Mtunzi hakumchagulia msomaji, na kwa hilo namheshimu sana.

Hapo ndipo ninapotaka ufike. Ukisoma Tippu Tip peke yake utadhani misafara ilikuwa ushujaa wa mtu mmoja. Ukisoma "Peponi" peke yake huenda ukamwona tajiri ni mtu wa kubuni tu. Ukivisoma pamoja, Ami Aziz na upole wake wote, manukato yake na sauti yake ya chini, anakuwa mtu ambaye angeweza kukaa baraza moja na Tippu Tip.

Pea yangu ya pili ni ya watoto wa kike. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, akatoroka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mimi nimezisoma kwa Kiingereza. Kurasa za utoto wake Mtoni zina uhai: tausi na swala uani, msongamano wa watu wa makabila na lugha mbalimbali, baba yake akitembea huku na huku kwenye roshani inayotazama bahari, kichwa ameinamisha, akichechemea kidogo kwa jeraha la risasi la zamani. Na kuna habari ya namna alivyojifunza kuandika. Watoto wa kike walifundishwa kusoma tu, basi yeye akachukua mfupa wa bega la ngamia akawa anaiga herufi za Msahafu kwa siri. Niliposoma hapo machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Kalamu hiyo ya siri ndiyo iliyomponza pia, maana kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid aliyekuwa sultani, Salme ndiye aliyeandika barua.

Lakini yapo mawili yaliyoniuma. La kwanza, alipofika kwenye kukimbia kwake anapita upesi sana. Mapenzi, hofu, mimba aliyokuwa nayo, yote hayo kayafunika. Namwelewa, alikuwa akiwaandikia wanawe. La pili ni zito zaidi: anautetea utumwa wa kwao, kwamba haukuwa mbaya kama Wazungu wanavyosema. Mwanamke aliyejua uchungu wa kunyimwa kalamu alishindwa kuuona uchungu wa kunyimwa kila kitu, na watu hao walikuwa chumba cha pili.

Pembeni yake niliirudia "Utengano" ya Said Ahmed Mohamed, mtunzi wetu wa Pemba, iliyotoka mwaka 1980. Nikiwa skuli niliisoma kama hadithi ya msichana aliyepotea. Safari hii nimeisoma nikiwa mtu mzima, na hasira zangu zote zimehamia kwa Bwana Maksuudi. Anamfungia binti yake Maimuna ndani kwa jina la heshima, huku nje ana heshima ya uongo na maovu yake yamewaumiza watu wengine. Maimuna anapotoka hajui dunia ni nini, na wanaomngoja mlangoni wana kisasi chao na baba yake. Salme alikuwa na mfupa wa ngamia. Maimuna hakuachiwa hata huo. Walimu wanaosomesha kitabu hiki, nawaomba msiwaambie wanafunzi kwamba somo lake ni wasichana wawasikilize wazazi. Mwulizeni kila mvulana darasani angekuwa Maksuudi wa namna gani.

Wa tatu ni mtunzi mmoja mwenye vyote viwili, naye ni Adam Shafi. "Mbali na Nyumbani" ni kumbukumbu za ujana wake, safari ya kuikata Afrika akitafuta njia ya kwenda kusoma Ulaya. Ina vituko, njaa, marafiki wa njiani, na inasomeka kwa furaha. "Haini" ni riwaya, na ndani yake ni kukamatwa na jela, baada ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972. Mtunzi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa ndani wakati ule. Tazama alivyogawa: safari za ujana kazieleza kwa kusema "mimi", na jela kamkabidhi Hamza, mtu wake wa hadithi. Sijui mwenzangu utaonaje, lakini kwangu hilo ndilo jibu la swali lako. Kuna mambo ambayo mtu wa visiwa hivi hawezi kuyasema yakiwa yake, na akimpa mtu wa hadithi ayabebe, yanasemeka yote, mpaka harufu ya chumba. Nyumba nyingi hapa zina mtu wa aina hiyo, anayekujibu kila kitu isipokuwa mwaka fulani.

"Wasifu wa Siti binti Saad" wa Shaaban Robert, kuhusu yule mwimbaji wa taarab, ni kifupi na kinapendeza, ila sifa zimezidi, nilitamani kumsikia Siti zaidi na mwandishi kidogo. Kisome pamoja na "Kuli" ya Adam Shafi, kuhusu wapagazi wa bandarini na mgomo wa 1948, upate Ng'ambo, ule upande wa mji nje ya Mji Mkongwe, ya watu wa jasho.

Kwa kuwa hupendi wanaojisifu, usianze na Tippu Tip. Anza na "Peponi", halafu umrudie yeye ukiwa tayari unamjua Yusuf. "Haini" iache mpaka uwe na siku mbili tatu za utulivu, na usiisome usiku. Ukimaliza hata pea moja njoo utuambie Hamdani umemwelewaje, hasa kama uko upande wa wale wanaosema amekata tamaa, maana mama yangu naye yuko upande huo na bado hatujamalizana.