Mwalimu, niende Albania kufundisha Kiingereza?

SWALI: Habari Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 25, naishi Kasarani, nilimaliza digrii ya ualimu na bado nangojea TSC, ile tume ya walimu, iniajiri, saa hii nafundisha tuisheni tu ya watoto wa jirani. Nimepata nafasi ya kujitolea miezi mitatu kwa kijiji huko milima ya kaskazini mwa Albania, watanipa chakula na mahali pa kulala lakini tikiti na visa ni juu yangu. Mama hataki, anasema hiyo nchi hata hajui iko wapi. Mimi hofu yangu ni ingine, naogopa wakiniona watasema walitaka mzungu, alafu Kiingereza changu kina lafudhi ya Ukambani. Nifanye nini?

JIBU: Mdogo wangu, barua yako niliisoma asubuhi nikiwa kwa matatu nikairudia tena jioni, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa hiyo milima msimu mmoja miaka kadhaa iliyopita na hiyo hofu naijua vizuri sana.

Mama mwambie Albania iko kusini mwa Ulaya, jirani wa Ugiriki, na ng'ambo ya bahari ni Italia. Unaweza kupitia Istanbul, ushuke Tirana, mji mkuu, alafu kuna kama kilomita 100 hadi mji wa Shkodër huko kaskazini kwa gari wanaita furgon, nayo ni matatu kabisa, inangoja ijae ndio itoke.

Sasa hilo la lafudhi. Wewe umezaliwa na Kikamba, Kiswahili ukakiokota mtaani, Kiingereza ukafundishwa darasani na ukang'ang'ana nacho mpaka kikakubali. Mtoto wa kule pia anang'ang'ana nacho darasani hivo hivo. Mtu aliyezaliwa nacho hajui ni wapi panauma, wewe unajua, na hiyo ndio mali unaenda nayo, usiifiche.

Tena Kiswahili kitakubeba kuliko unavyodhani. Herufi za Kialbania ni 36 na dh yao ni ile ya dhahabu, th ni ile ya thamani, sh ya shule, na nj yao ni ny yetu, kwa hivyo usipoteze wiki nzima kuwafundisha "th" ya Kiingereza, wanayo tangu utotoni. Penye kazi ni "the", maana wao huibandika mwisho wa neno, mal ni mlima, mali ni ule mlima. Siku yangu ya kwanza mama mwenye nyumba aliniuliza "çaj mali?" nami nikasikia chai, nikasema ndio, chai, chai! Akaleta majani makavu na vijiti vyake vyote, akachemsha, nikanywa chai ya mlimani haina maziwa wala tangawizi, na yeye amekaa ananiangalia kama naipenda. Niliipenda. Baadaye nikajua dynja ni dunia na haber ni habari, maana Waturuki walitawala huko hadi 1912 na maneno ya Kiarabu yakaingia kwao kwa mlango huo kama yalivyoingia kwetu kupitia Pwani.

Jihadhari na kichwa lakini. Wengi huko, hasa wazee, ndio yao ni kutikisa kichwa huku na huku. Kuna kijana wa miaka tisa nilimuuliza kama ameelewa "on" na "under", akatikisa, nikaeleza tena, akatikisa, nikamchorea mbuzi juu ya ukuta na mbuzi chini ya ukuta, akatikisa tu, mpaka mwalimu wa darasa akanishika mkono polepole akaniambia ameelewa kitambo. Jifunze po na jo kabla ufike, ndio na hapana, usikilize mdomo.

Kuhusu wakikuona, ni kweli watakuangalia, na watoto watataka kushika nywele. Lakini sheria yao ya kale ya milimani, ile inaitwa Kanuni ya Lekë Dukagjini, inasema nyumba ya Mualbania ni ya Mungu na ya mgeni, na mimi niliiona ikifuatwa, kitanda kizuri kilikuwa changu na wenyewe wakabanana.

Uliza ni miezi gani. Kijiji kama Theth kikishikwa na theluji familia nyingi huteremka Shkodër, utabaki na nani? Na kiangazi shule zimefungwa, ila watalii wamejaa wanaotembea kutoka Theth kwenda Valbona, nyumba nyingi zimegeuzwa za kulaza wageni, kwa hivyo hapo Kiingereza kinachotakiwa ni cha bei, kitanda, njia ipi iko salama. Ikiwa ni wakati wa shule unaweza kupata madarasa mawili matatu kwa chumba kimoja, na hapo nakuomba sana usiingie na mpango wako, muulize mwalimu wa pale anataka usaidizi gani kisha usimame nyuma yake, yeye atabaki na hao watoto wewe ukisharudi Kasarani.

Pesa usimpe wakala. Mimi kuna mmoja hapa mjini alikula elfu thelathini zangu akazima simu. Visa huombwa kwa mtandao, fanya mwenyewe, na kabla ulipe chochote ongea kwa video na mwalimu wa hiyo shule, mama akiwa amekaa kando yako asikie. Ikiwa tikiti ni ya mkopo, ngoja kwanza, kwa sababu huko hulipwi. Na visa ya Albania haikuruhusu kuingia Italia, watu hukwama hapo.

Pitia soko la Gikomba utafute buti za kupanda mlima zinazofunika kifundo, na sweta mbili nzito, maana hata Julai usiku kule juu kuna baridi kama ya Limuru. Beba pia majani chai ya Kericho pakiti tatu hivi, na siku moja umwombe mama wa nyumba jiko umpikie chai yetu ya maziwa.