Bunge la chumba kimoja: mswada mbovu unazuiwa wapi?

SWALI: Nimehamia Omaha kutoka Kenya. Naambiwa bunge la jimbo la Nebraska lina chumba kimoja tu. Mswada mbovu ukipita hapo nani atauzuia? Na mwananchi anaingilia wapi?

JIBU: Ni kweli, ndilo jimbo pekee Marekani lenye bunge la namna hiyo. Wapiga kura waliidhinisha mabadiliko hayo mwaka 1934, na mwaka 1937 wabunge 133 wa vyumba viwili wakawa 43. Leo ni 49, na wote wanaitwa maseneta. Mpiga debe mkuu wa mageuzi hayo alikuwa George Norris, seneta wa Nebraska katika Bunge la Marekani huko Washington. Kilichomkera ni kile ambacho kwenu mnakiita kamati ya upatanishi: watu wachache wanajifungia, kisha vyumba vyote viwili vinaletewa mswada wa kukubali au kukataa jinsi ulivyo. Kwa hiyo mimi siamini kwamba chumba cha pili ni ulinzi kiasi hicho.

Hapa ulinzi uko kwenye hatua. Mswada unajadiliwa ukumbini mara mbili, halafu unangojea usomaji wa mwisho, na katiba inataka zipite siku tano za vikao tangu uwasilishwe. Kura 25 zinatosha kuupitisha, lakini kundi likiamua kuurefushia mjadala, zinahitajika 33 kuufunga. Gavana naye anaweza kuukataa. Kumpiku ni kura 30.

Nafasi yako ni mwanzoni, kamatini. Kila mswada hupewa kikao cha hadhara huko Lincoln, mji mkuu wa jimbo, na huhitaji mwaliko. Unajaza fomu, unakaa mbele ya kipaza sauti, unataja jina lako na kulitamka herufi moja moja, maana maneno yote yananakiliwa. (Mwenye majina matatu ya kwetu ajipange, muda wa kusema ni dakika chache.)

Ninachokihofia mimi ni marekebisho yanayokuja baada ya kikao hicho. Mswada wako unaweza kubebeshwa miswada mingine mitatu minne ukiwa tayari ukumbini. Katiba inasema mswada mmoja, mada moja, lakini neno kama “kodi” linabeba mengi. Basi shika namba ya mswada, ile inayoanza na LB (Legislative Bill, yaani mswada wa bunge), na usome kila marekebisho yanapowekwa mtandaoni. Ukiona kitu, mpigie seneta wa eneo lako kabla ya mjadala wa pili. Ukisubiri usomaji wa mwisho, kugusa hata neno moja ni mpaka mswada urudishwe nyuma kwa kura.