Nisome Vimelea au Watu?

SWALI: Dada, nina digrii ya biolojia na namsaidia mama kuuza omena hapa Dunga, Kisumu. Nataka uzamili kuhusu malaria, lakini kozi inadai pia takwimu na anthropolojia. Si kupotezewa muda huku?

JIBU: Hupotezewi, mdogo wangu. Chanjo ya malaria, RTS,S, ilipozinduliwa Homa Bay 2019, mtoto alidungwa akiwa na miezi 6, 7, 9, kisha 24. Hiyo ya nne ndiyo kasheshe. Nikiwa muuguzi nilimuuliza mama mmoja mbona hakurudi. "Mtoto si anatembea tayari? Na nauli ya boda?" Hadubini haioni nauli. Takwimu zitakutoa jasho (mimi zilinitoa machozi), ila nenda. Na vile vyandarua mnavyoanikia omena, umeshawauliza wenzako sababu? Anzia utafiti hapo.